Kufuli la Chumba cha Mzee

Kamanda aliingia uani na kufuli jipya mkononi, akaliweka na funguo zake juu ya kiti cha plastiki, katikati ya vitana na kopo la mafuta ya nywele. Msusi alikuwa amemkalisha mteja mkekani, kichwa nusu kimesukwa, nusu kimetimka. Hakuhitaji kuuliza kufuli lilikuwa la nini. Wiki nzima walikuwa wakilizungumza bila kulitaja.

"La chumba cha Baba," Kamanda alisema. "Funguo ziko mbili. Mmoja wako, mmoja wangu."

Jina la Kamanda alipewa sokoni kwa sababu ya sauti yake. Aliuza ndoo na mabeseni, na akianza kuita wateja, wauza vitunguu wa upande wa pili hulazimika kunyamaza mpaka amalize. Alikuwa dada mkubwa wa fundi rangi, mume wa msusi. Mzee aliyelala katika chumba cha uani ndiye baba yao.

"Wifi, tutaongea baadaye," msusi alisema kwa sauti ya chini, akimwonyesha mteja kwa macho.

"Baadaye lini? Leo asubuhi ameacha gesi wazi. Mngewasha kiberiti, saa hizi tungekuwa tunapokea rambirambi hapa. Au nasema uongo?"

Mteja aliinamia simu yake kama anayesoma kitu muhimu sana, ingawa kioo kilikuwa kimezima.

Haukuwa uongo. Mzee alikuwa dereva wa malori maisha yake yote, mtu aliyejua kila kona na kila mteremko wa barabara kuu, lakini sasa akili ilikuwa inamtoroka kidogokidogo. Yalianza majina, zikafuata siku, kisha akaanza kuamka akiamini kuna lori linamngoja. "Wameshapakia," alikuwa akisema, huku akitafuta viatu vyake. "Mwanangu, nitachelewa." Daktari aliutaja ugonjwa, akaandika vidonge, akawaambia wazi kwamba vidonge havirudishi kilichokwisha kupotea. Tangu hapo fundi rangi akakata shauri kwamba mambo ya Baba ni ya humu ndani. Mkewe akakubali. Mtaani hakuna aliyeambiwa.

"Nilishakwambia, wifi," msusi alisema. "Mtu si kuku. Hafungiwi."

"Mtu si kuku, lakini kuku akipotea unanunua mwingine. Baba utamnunua wapi?"

Kabla msusi hajapata jibu, Kamanda alikuwa ameshafika kwenye mlango wa chumba cha uani. Mzee alikuwa amelala usingizi wa mchana. Kamanda akarudisha mlango polepole, akalipitisha kufuli kwenye komeo la nje, likabana. "Tujaribu," alisema. "Tujaribu tu, leo."

Msusi alirudi kwenye kichwa cha mteja. Vidole viliendelea kusuka, masikio yalikuwa mlangoni.

Haikupita muda mrefu, kukasikika hatua za kuburuza miguu, kisha kitasa kikatikiswa. Kimya. Kikatikiswa tena. Halafu Mzee akabisha hodi, kwa adabu, kama mgeni.

"Hodi jamani. Samahani. Kuna mtu hapo nje?"

Kitasa kikatikiswa mara ya tatu.

"Samahani kwa usumbufu. Nadhani mlango umejifunga kwa bahati mbaya."

Angepiga kelele, angetukana, pengine msusi angeweza kuvumilia. Lakini yule mzee alikuwa anaomba radhi kwa kufungiwa. Msusi aliachia msuko katikati, akanyakua ufunguo juu ya kiti, akafungua. Mzee alisimama pale kizingitini, shati limefungwa vifungo kombo, akamtazama kwa shukrani iliyomuumiza msusi kuliko lawama.

"Ahsante mama. Mungu akubariki. Wangenisahau humu."

Msusi aligeuka, akamrudishia Kamanda kufuli lake kifuani, karibu amtupie. Na hapo ndipo alipolitoa neno ambalo baadaye lilimkosesha raha.

"Wewe unaogopa usumbufu tu, wifi. Unampenda Baba kwa mbali. Unakuja na kufuli, unaondoka, mimi ndiye ninayebaki naye."

Uso wa Kamanda ulibadilika. Ni yeye aliyenunua vidonge vya Mzee kila mwezi, godoro, hata lile shati la vifungo kombo. Alifungua mdomo, akaufunga, na kwa mtu kama yeye hilo lilikuwa jambo kubwa. Aliposema, alisema taratibu.

"Sawa. Basi siku atakapopotea, lawama ni yako peke yako."

"Siku hiyo uniambie mbele ya watu," msusi alijibu, kidevu juu. "Sitakimbia."

Kamanda alitoka na kufuli lake. Mteja akakohoa kidogo, akauliza kama msuko utaisha kabla ya magharibi.

* * *

Fundi rangi alirudi jioni na madoa ya rangi ya samawati kwenye nyusi. Kabla hajanawa alikuwa ameshapata habari mara mbili, kwa dada yake kwenye simu na kwa mkewe jikoni.

"Wanasema tembo wakipigana zinaumia nyasi," alisema akijitupa kwenye kigoda. "Basi mimi ndio nyasi. Mnikanyage tu, nimeshazoea."

"Mimi sitaki mzaha. Wewe unasemaje? Ni baba yako."

Alijikwangua rangi kwenye kucha. "Wewe una uhakika. Dada ana uhakika. Ndani ya familia hii asiye na uhakika ni mimi tu. Nikimsikiliza dada, naona kweli, Baba atatuteketeza au atagongwa na gari. Nikikusikiliza wewe, naona kweli, siwezi kumfungia mtu aliyenibeba. Sasa nifanye nini? Nijigawe?"

"Ushike upande."

"Nitashika upande wa Baba," alisema, "nikishajua uko wapi."

Msusi alikunja uso. Aliona mumewe anakwepa. Mwenyewe hakuwa na chembe ya shaka. Aliamini angemtunza Mzee mchana kutwa, ausuke mtaa mzima, na mlango ubaki wazi. Usiku ule alijiambia kwamba watu wanaofungia wenzao hufanya hivyo kwa uvivu, na kwa muda mfupi lile wazo lilimpa raha ya aina fulani, raha ya mtu anayejiona bora kuliko wifi yake.

* * *

Siku chache zilipita salama. Msusi alimhamishia Mzee kiti karibu na mkeka wa kazi, akampa mafundo ya nywele bandia ayatenganishe. Mzee aliifanya kazi hiyo kwa makini, akiwasalimu wateja, akiwauliza wanatoka wapi na barabara ya huko ikoje. Wateja walimpenda. Hakuna aliyegundua chochote. Msusi alijisikia ushindi.

Halafu ikaja siku ya bibi harusi. Walikuja watu watano kwa mkupuo, bibi harusi na ndugu zake, wakiwa na haraka na vicheko na maelekezo mengi. Mawingu yalikuwa mazito, na matone ya kwanza yalipoanguka wote waliingia sebuleni na vitana vyao. "Baba, ingia ndani," msusi aliita, akasikia "Naja, naja." Akaamini. Mikono ilijaa, mmoja akalalamika anavutwa, mwingine akataka mtindo mwingine kabisa. Alipotoka kumwangalia, kiti kilikuwa kimelowa. Fundo la nywele lilikuwa limewekwa juu yake vizuri, kazi imekamilika. Lango la ua lilikuwa wazi.

Alitafuta chumbani, chooni, nyuma ya tangi la maji. Akatoka barabarani bila viatu.

"Mzee?" alisema fundi viatu aliyekaa chini ya mwavuli wake kwenye kona. "Kapita hapa muda mrefu. Nikamwamkia, akaitikia vizuri kabisa. Kasema anawahi kazini."

"Na wewe ukamwacha?"

Fundi viatu alimshangaa. "Nimzuie mtu mzima kwenda kazini? Kwa nini?"

Mwuza mboga naye alimwona. Mzee aliuliza bei ya nyanya, akasema akirudi atachukua. Mwenye duka la simu alimwona, akamsaidia kuvuka barabara kubwa. Kila aliyeulizwa alikuwa amemwona, kila mmoja alimsalimu kwa heshima, na kila mmoja alimwacha apite. Msusi alikuwa analia huku akitembea, na mvua ilimsitiri. Mtaa mzima ungeweza kumshika mkono yule mzee na kumrudisha nyumbani. Mtaa mzima haukujua kwamba anahitaji kushikwa mkono.

Alimpigia mumewe. Kisha akasimama chini ya kibaraza cha duka, akaitazama namba ya Kamanda kwa muda, akapiga.

"Wifi. Baba hayupo."

Alijiandaa kwa sauti ile ya sokoni. Aliyoisikia ilikuwa nyembamba kama ya mtoto. "Amevaa sweta?" Kamanda aliuliza. "Kuna baridi. Amevaa sweta?"

Walimpata kabla giza halijaingia, kwenye uwanja wa jengo linalojengwa upande wa pili wa barabara kubwa. Lori la mchanga lilikuwa limeegeshwa pale. Mzee alijaribu kupanda kwenye usukani, mguu ukateleza kwenye ngazi iliyolowa, akaanguka na kuulalia mkono. Vibarua walidhani amelewa. Wawili bado walikuwa wakimcheka wakati fundi rangi alipofika mbio; mmoja, mwanamume wa makamo, alikuwa amemfunika Mzee kwa mfuko wa saruji na kumkinga mvua kwa mwili wake.

"Huyu baba yenu?" aliuliza yule wa makamo. "Mwambieni asinywe sana. Umri umekwenda."

Fundi rangi alitaka kusema kwamba baba yake hajawahi kuonja pombe. Lakini ili kuitetea heshima ya Mzee ilimbidi aseme ukweli wake, na ukweli huo ndio aliokuwa ameuficha miezi yote.

"Hajalewa," alisema hatimaye. "Anaumwa. Akili yake inapotea."

Wale wawili waliacha kucheka. Mmoja akavua kofia. Wote wakasaidiana kumnyanyua.

* * *

Hospitalini walimfunga mkono plasta. Muuguzi wa zamu alikuwa amechoka, akawauliza mbele ya foleni nzima, "Mtu wa hali hii mlimwachaje atoke peke yake? Nyumbani hakuna watu?" Vichwa viligeuka kwenye mabenchi. Msusi alisimama na nguo zake zilizolowa, unga wa plasta umemwangukia miguuni.

Kamanda alikuwa amekaa hatua mbili tu kutoka pale. Hapa ndipo penyewe. Watu walikuwepo, wa kutosha. Msusi alimgeukia, akangoja, na kwa kweli alitaka aambiwe kwamba lawama ni yake, liishe.

Kamanda alisimama. "Watu wapo, dada," alimwambia muuguzi. "Imetupita. Sisi sote." Kisha akaenda kumfuta Mzee matope masikioni kwa ncha ya khanga yake.

Neno hilo moja, *sote*, lilimwelemea msusi kuliko lawama yoyote ambayo angepewa.

Nyumbani, Mzee alipolala, msusi alikaa na mumewe jikoni. Chai ilipoa bila kuguswa.

"Niambie nimekosea," alisema.

"Umekosea," mumewe alisema kwa upole. "Na mimi nimekosea. Mimi ndiye niliyewafunga mdomo. Mficha maradhi kifo humuumbua, na mimi kwa aibu nikayaficha mpaka yametuumbua."

"Basi tumfungie?"

Fundi rangi alimtazama. "Wewe unaonaje?"

Msusi angependa moyo wake umpe jibu jipya, ingekuwa rahisi. Lakini kila alipofumba macho alisikia ile hodi ya adabu, *samahani kwa usumbufu*. "Bado naona si haki," alisema. "Nimelichunguza kila upande, bado naona si haki. Ila jana nilikuwa naona hivyo na kumdharau anayekataa. Leo naona hivyo na naogopa. Sijui kama ni kitu kilekile."

* * *

Asubuhi alimwacha Mzee na mumewe, ambaye hakwenda kazini, akaenda sokoni. Kibanda cha Kamanda kilijaa rangi, ndoo nyekundu juu ya ndoo za kijani, mabeseni yamening'inia kama ngoma. Wateja wawili walikuwa wakigombania punguzo la bei. Msusi angeweza kungoja waondoke. Alikumbuka alivyotamba kwamba aambiwe mbele ya watu, akaona si haki achague faragha sasa.

"Wifi, nimekuja kukuomba radhi," alisema. "Nilikwambia unampenda Baba kwa mbali. Lilikuwa neno baya, na la uongo, na nilijua ni la uongo wakati nalisema."

Wateja walinyamaza. Mmoja alishikilia beseni kifuani kama ngao.

Kamanda alilipanga upya rundo la ndoo ambalo halikuhitaji kupangwa. "Kaa," alisema, akageuza ndoo moja juu chini. Yeye mwenyewe akageuza nyingine. Wateja wakaelewa, wakaondoka polepole, shingo zimebaki nyuma.

"Kwa hiyo kufuli linarudi?" Kamanda aliuliza.

"Hapana."

"Hapana?" Sauti ya sokoni ilirudi ghafla, na mwuza vitunguu akanyamaza. "Mkono wa Baba umevunjika, wewe bado unaniambia hapana? Huo ni msimamo au ni kichwa ngumu?"

"Sijui," msusi alisema. "Ndicho kilichonileta. Naamini kumfungia ni kosa. Naamini hivyo kweli, siwezi kukudanganya ili unisamehe. Lakini juzi niliamini pia kwamba naweza kumlinda peke yangu, na uhakika nilionao leo ni uleule niliokuwa nao juzi. Kwa hiyo sikuja kukushinda, wifi. Nimekuja kukuuliza kitu ambacho sijawahi kukuuliza. Wewe unaogopa nini?"

Kamanda hakuzoea kuulizwa maswali. Yeye ndiye aliyekuwa anauliza.

"Simu," alisema mwishowe. "Naogopa simu. Kila ikilia, kabla sijatazama, nimeshamzika Baba. Nauza ndoo namzika. Nahesabu chenji namzika. Wewe uko naye, unamwona. Mimi ninayo simu tu." Alijifuta pua kwa kiganja. "Nilitaka kufuli ili nipumzike. Sio yeye apumzike, mimi. Na siku ile aliposema 'samahani', unafikiri sikusikia? Nilisikia. Nimeisikia kila usiku. Lakini bado naona bora aombe samahani akiwa hai."

Neno hilo lilikuwa na uzito wake. Msusi aliliacha likae kati yao.

"Una haki ya kuogopa," alisema baadaye. "Mimi nilidhani ni mimi tu ninayempigania."

"Na mimi nilidhani wewe unatafuta sifa za mtaani. Mkamwana mwema."

"Kidogo nilikuwa nazitafuta," msusi alikiri, na Kamanda, bila kupenda, akacheka puani.

Wakaanza kuzungumza, sasa kama watu wanaobeba kabati moja zito na kila mmoja ameshika upande wake. Kamanda alitaka lango la ua lifungwe. Msusi alisema chumba hapana, lakini lango anaweza kulifunga wakati mikono yake imejaa, mradi na yeye awe ndani ya ua pamoja na Mzee. "Nikifungwa na yeye, hajafungwa peke yake," alisema. Kamanda alisema huo ni ujanja wa maneno. Kufuli ni kufuli, hata likiwa na uwanja. Msusi akacheka, akakubali kwamba huenda ni ujanja. Mtungi wa gesi utafungiwa stoo, hilo halikuwa na ubishi. Siku ambazo msusi ana wateja wengi, Mzee atakuja kukaa kibandani.

"Hapa? Na kelele hizi?" Kamanda alishangaa.

"Alikuwa anaendesha lori lisilo na bomba la moshi, wifi. Kelele zitamliwaza."

"Na akitoroka tena?"

"Tutakaa hivihivi juu ya ndoo," msusi alisema. "Na safari hiyo nitakusikiliza wewe kwanza. Nakuahidi kusikiliza. Kukubali siahidi."

Kamanda alimpima kwa macho kama anavyompima mteja anayeomba punguzo. "Na mimi siahidi kunyamaza," alisema.

* * *

Lililobaki lilikuwa la fundi rangi, na ndilo lililomtoa jasho. Alioga, akavaa shati la kutokea, akaanza kugonga mlango mmoja baada ya mwingine mtaani, mtu mzima anayetangaza siri ya nyumbani kwake. "Baba anaumwa," alisema kila mahali. "Ukimwona peke yake, tafadhali mrudishe, au nipigie." Kwenye milango ya kwanza alisema huku akitazama viatu vyake. Mama mmoja alimsikiliza kwa huruma ya kuzidi, na alipogeuka kuondoka alimsikia akimnong'oneza mwenzake kwamba magonjwa ya namna hiyo huwa hayaji bure. Aliendelea kutembea, masikio yakimwaka moto.

Fundi viatu aliacha sindano yake. "Ungeniambia mapema," alisema. "Mama yangu alimaliza miaka yake hivyohivyo. Alikuwa ananiita kwa jina la kaka yangu marehemu, na mimi naitika." Akavuta kiti. "Kaa kidogo. Watu wa mambo haya tuko wengi, basi tu hatusemi."

Fundi rangi alikaa. Alikaa zaidi ya alivyokusudia.

Mzee alitoka tena, bila shaka alitoka. Ilikuwa asubuhi ya siku ambayo Kamanda alikuja na supu kwenye chupa, akaliacha lango wazi yeye mwenyewe kwa kuwa mikono ilikuwa na mizigo. Walipogundua, wote wawili walikimbilia nje wakigongana mabega. Mzee alikuwa anakuja kutoka kwenye kona, mkono wa plasta kifuani, ule ulio mzima umeshikwa na mwuza mboga, na fundi viatu yuko upande wa pili. Alikuwa anawaeleza jinsi ya kushuka mlima na mzigo mzito bila kuchoma breki, nao walikuwa wanasikiliza.

"Tumekutana njiani," mwuza mboga alisema, akikonyeza jicho. "Nikamwomba anisindikize, barabara hii ina mashimo."

Mzee alifurahi kuona watu wamejaa langoni. Aliwasalimia wote, wageni na wanawe, kwa furaha ileile.

Kamanda alishika kiuno, akihema. Alingoja majirani waondoke. "Nimeona," alimwambia msusi. "Leo ameletwa. Nimeona kwa macho yangu, na mwenye kuacha lango wazi ni mimi, usinikumbushe. Lakini kesho je? Siku mwuza mboga akiwa msibani?"

"Kesho sijui, wifi."

"Basi tuelewane. Mimi bado naona ungefunga."

"Na mimi bado naona hapana."

"Haya."

"Haya."

Waliingia ndani. Msusi alitafuta vikombe, Kamanda akamimina supu, na Mzee akakaa kati yao mezani, akipuliza kikombe chake kwa utulivu wa mtu aliyefika safari yake. Nje fundi rangi alisikika akirudi na ngazi begani, akisalimiana na kila mtu.

"Wifi," Kamanda alisema, mdomo umejaa, "maradhi haya nasikia yanatembea kwenye ukoo. Siku mimi nikianza kutangatanga, utanifungia?"

Msusi alimwangalia kwa makini, kama mtu anayepima jambo zito.

"Wewe mlango nitakuachia wazi kabisa," alisema. "Sauti yako tutaisikia ukiwa mtaa wa tatu."

Kamanda alicheka mpaka supu ikamwagika mezani. Mzee hakujua wanachekea nini, lakini alijua kicheko, akajiunga nacho, akagonga meza kwa ule mkono wa plasta, akaomba aongezewe.